Taa peke yake haiokoi: Picha ya wapenzi wa kale na somo kwa familia za pwani

Mtwara. Katika nyumba moja ya kata ya Chuno, Manispaa ya Mtwara Mikindani, kuna picha iliyotundikwa juu ya kabati la vyombo. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai na mchwa wamekwishakula pembe moja ya fremu. Ndani yake kuna mwanamke aliyesimama juu ya mnara usiku, nguo yake inapeperushwa na upepo, na mkononi ameinua taa. Chini ya mnara bahari imechafuka. Ukisogea karibu ndipo unapoona, katikati ya mawimbi, kichwa na mkono wa mwanamume.

“Sisi tunamwita Bibi Taa,” aliniambia mwenye nyumba, bibi mwenye wajukuu na vitukuu. Marehemu mumewe aliinunua mnadani pamoja na viti viwili, miaka mingi iliyopita. Viti vimekwishavunjika, picha imebaki.

Siku hiyo nilikwenda kwake kwa habari nyingine kabisa. Mke wa mjukuu wake ana mimba ya miezi saba na alikubali kuzungumza nami kuhusu mahudhurio ya kliniki. Lakini nilipofika, saa tatu asubuhi, nilimkuta amekaa mlangoni, macho mekundu, simu mkononi. Mumewe alitoka jioni kwenda kuvua. Kwa kawaida hurudi alfajiri. Simu yake haipatikani.

“Ametoka na boti ya nani?” nilimuuliza.

Hakujua. Hakujua pia kama walielekea upande wa Msangamkuu, Mikindani au Msimbati. “Huwa anasema tu, nakwenda,” alijibu.

Haikuwa saa ya kuuliza maswali ya kliniki. Bibi aliniambia niketi, na kwa kuwa kungoja kimya ni kugumu, akanyoosha kidole kwenye picha. “Mjukuu wangu, wewe umesoma. Hebu nisomee hayo maandishi madogo ya chini. Mimi nilichojua siku zote ni kwamba mumewe hajarudi. Hilo halihitaji kusoma.”

Maandishi yalikuwa majina mawili: Hero na Leander.

Ni akina nani hawa?

Hero na Leander ni wapenzi wa hadithi za kale za Wagiriki. Mshairi wa Roma aitwaye Ovid aliwaandikia barua za mapenzi za kubuni miaka 2,000 hivi iliyopita, na baadaye mshairi mwingine, Musaeus, akaisimulia habari yao yote kwa Kigiriki.

Hero alikuwa binti aliyewekwa kulitumikia hekalu la Aphrodite, ambaye Wagiriki walimwita mungu wa mapenzi. Aliishi kwenye mnara katika mji wa Sestos, upande wa Ulaya. Leander alikuwa kijana wa Abydos, mji wa ng’ambo, upande wa Asia. Kati yao palikuwa na mlango wa bahari ambao leo uko nchini Uturuki na unaitwa Dardanelles. Pembamba pake ni kilomita moja na kidogo tu.

Walionana kwenye sikukuu, wakapendana, lakini ndoa haikuwezekana. Basi wakapatana jambo la siri. Kila usiku Hero angewasha taa juu ya mnara, na Leander angeogelea akiifuata ile taa mpaka kwa mpenzi wake. Kabla ya mapambazuko angerudi kwao. Msimu wote wa joto mambo yakaenda hivyo, na hakuna mtu aliyejua ila wao, na yaya mmoja wa Hero.

Kisha msimu ukageuka. Upepo wa baridi ukaanza na mabaharia wakavuta vyombo vyao nchi kavu. Hero na Leander hawakuacha. Usiku mmoja wa dhoruba Hero aliwasha taa kama kawaida, Leander akaingia majini. Upepo ukaizima taa. Kijana akapoteza mwelekeo, nguvu zikamwishia, akafa maji. Asubuhi Hero akaona mwili wake kwenye miamba chini ya mnara, naye akajitupa kutoka juu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote: “Na huyo yaya alikuwa wapi? Kwa nini hakumwambia hata mvuvi mmoja?”

Picha ya enzi za Malkia Victoria

Picha kama hii ya Chuno ni ya aina iliyochapwa kwa wingi Uingereza enzi za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Ni enzi zile zile ambazo David Livingstone alishuka Mikindani, Machi 1866, akaanza safari yake ya mwisho ya bara.

Zamani wachapaji walichonga picha kwenye bamba la shaba, lakini shaba ni laini na huchakaa mapema. Walipoanza kutumia bamba la chuma cha pua, bamba moja liliweza kutoa maelfu ya nakala. Picha ikawa kitu ambacho hata familia isiyo tajiri inaweza kuning’iniza sebuleni, na hadithi za Wagiriki, hasa za mapenzi yaliyoishia msibani, zilipendwa sana.

Wachoraji wakubwa nao walimrudia Hero mara nyingi. J. M. W. Turner alionesha mchoro wake wa wapenzi hawa wakiagana mwaka 1837, mwaka ule ule Victoria alipoingia madarakani. Frederic Leighton alimchora Hero mwaka 1887 katika mchoro ambao leo uko jumba la sanaa la Manchester. Mchoro huo una sehemu mbili. Juu, Hero amefungua pazia na anatazama bahari, uso umejaa hofu. Chini, kwenye kipande chembamba cha rangi ya kijivu, Leander amelala juu ya mwamba, amekwishakufa. Mtazamaji anawaona wote wawili kwa pamoja, ila Hero hamwoni mwenzake.

Nilimwonesha mke wa mjukuu mchoro huo kwenye simu, nikajuta papo hapo. Akageuza uso.

Kilichowaua si mapenzi

Husemwa kwamba hawa waliuawa na mapenzi. Kama mwandishi wa habari za afya, naona walikufa kwa sababu ambazo zinaua watu kila wiki katika bahari, mito na maziwa yetu, na karibu zote zingeweza kuzuilika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukubwa wa tatizo hilo ndio uliofanya Umoja wa Mataifa, Aprili 2021, uitenge Julai 25 ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama.

Sisi Watanzania tunazikumbuka ajali kubwa: MV Bukoba, Mei 21, 1996, MV Spice Islander, Septemba 10, 2011, MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Taifa zima lililia. Lakini wengine wengi huzama mmoja mmoja bila kuandikwa gazetini: mvuvi wa mtumbwi, mama aliyekwenda kuchokoa pweza bamvua likamzunguka, abiria anayevuka mdomo wa Mto Ruvuma, mtoto aliyetumbukia kwenye kisima kisicho na mfuniko au kwenye ndoo kubwa ya maji uani.

Kosa la kwanza la Leander lilikuwa siri. Hakuna aliyejua yuko majini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtafuta. Hero alikuwa na taa, lakini hakuwa na boti, kamba wala mtu wa kumwita.

Kosa la pili lilikuwa msimu. Mwaka 1810 mshairi Mwingereza Lord Byron, akiwa na miaka 22, alitaka kujua kama Leander kweli angeweza kuvuka. Yeye na ofisa mmoja wa jeshi la majini walijaribu mwezi Aprili, wakakuta maji ni ya baridi mno, wakaacha. Wakarudi Mei 3, wakavuka kwa saa moja na dakika 10. Mkondo uliwasukuma hivi kwamba, kwa makadirio ya Byron mwenyewe, walisafiri zaidi ya kilomita sita. Byron alijisifia jambo hilo maisha yake yote, lakini la kusifiwa zaidi, kwangu mimi, ni ile siku ya Aprili waliyoahirisha. Na hata Mei hakwenda peke yake.

Kwetu hapa kusi linapovuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, bahari hubadilika kwa muda mfupi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, Mtwara na Lindi zikiwamo. Tahadhari hiyo isomwe nyumbani pia, si pwani tu. Mke akiijua anaweza kumwambia mumewe, “Leo lala.”

Kosa la tatu ni kutegemea kitu kimoja. Taa ilipozimika, hapakuwa na kingine. Leo taa yetu ni simu. Simu huisha chaji, hulowa, hukosa mtandao. Kila aliye kwenye chombo anahitaji jaketi okozi lililovaliwa, si lililokaliwa kama mto. Pombe na bahari havichangamani. Na mwenye kifafa asiingie majini wala kuvua peke yake, hata kama anajua kuogelea, kwa kuwa degedege likimpata humo hawezi kujisaidia.

Mfa maji si lazima atapetape

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo ina maana yake katika maisha, lakini ufukweni inaweza kutupotosha. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa kinywa kinatafuta hewa na hakina nafasi ya kuita. Mikono husukuma maji chini badala ya kupunga. Kichwa huinama nyuma, mdomo ukiwa usawa wa maji. Anaweza kuzama ndani ya dakika moja, na watu wamekaa hatua chache wakidhani anacheza. Mtoto anayeogelea akinyamaza ghafla, mtazame.

Hapo ndipo linakuja kosa la mwisho, la Hero: kujitupa. Yeye alijitupa kwa uchungu. Lakini kila mwaka watu huruka majini kwa upendo wakitaka kuokoa, nao hufa: baba anamfuata mwana, dada anamfuata mdogo wake. Anayezama hukushika kwa nguvu zake zote na mnazama wote. Kanuni ya waokoaji ni kutoingia majini kama hukufundishwa. Piga kelele watu waje. Mnyooshee mti, kasia au kanga iliyosokotwa ukiwa umelala chini au umeshikwa na mwenzako. Mtupie kitu kinachoelea: boya, ubao, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko na kamba. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112.

Akishafika nchi kavu

Nilimuuliza bibi kwao walimfanyia nini mtu aliyeopolewa. “Tulimning’iniza miguu juu, au tukamlaza kifudifudi juu ya pipa tukamviringisha, maji yatoke,” alisema. Nimesikia hayo katika vijiji vingi vya pwani. Msomaji, tuyaache. Anachokosa aliyezama ni hewa, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu bila hewa. Kila dakika inayotumika kumviringisha ni dakika anayonyimwa pumzi. Kumbonyeza tumbo pia humfanya atapike na matapishi yaingie kwenye mapafu.

Fanya hivi. Mlaze chali mahali pagumu. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, tazama kifua kama kinapanda. Kama hapumui, mzibe pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kimepanda. Kisha weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kibonyee sentimita tano hadi sita. Mpulizie tena mara mbili, kandamiza 30, uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Mkibadilishana watu wawili mtadumu zaidi. Kwa mtoto mdogo tumia kiganja kimoja, na kwa mtoto mchanga vidole viwili, ukifunika mdomo na pua yake kwa pamoja.

Akianza kupumua mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Asipewe chai wala maziwa akiwa hajitambui vizuri. Na hata akisema amepona, apelekwe hospitali, hasa akikohoa au kuhema kwa shida. Maji yaliyoingia kwenye mapafu huweza kumzidishia hali saa kadhaa baadaye.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Hero. Aliyefiwa ghafla, tena kwa namna ile, asiachwe peke yake. Matanga yetu yana hekima hiyo: watu hulala chini pamoja, hupika pamoja, humzungumzisha mfiwa. Yakiisha, mfiwa akiendelea kutolala, kutokula au kusema hana haja ya kuishi, asikemewe kwamba hana subira. Apelekwe kwa mtoa huduma wa afya, na ndugu waendelee kuwa karibu naye.

Picha nyingine, ya Zanzibar

Mwaka 2018 picha za mpigapicha Anna Boyiazis zilipata tuzo katika shindano la World Press Photo. Zilipigwa kaskazini mwa Unguja, ambako Mradi wa Panje, wenye makao yake Nungwi, umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea na kuokoa. Wanaonekana wanafunzi ndani ya Bahari ya Hindi, wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, wakijifunza kuelea.

Wasichana wengi wa pwani yetu hukua wakisikia mawimbi kila usiku lakini hawafundishwi kuogelea. Wakati mwingine sababu ni sitara, wakati mwingine hatuoni haja. Lakini ni wao wanaoingia majini kuchokoa pweza na kutanda dagaa, na ni wao wanaokaa na watoto ufukweni. Mavazi yale yalijibu hoja ya sitara, na walimu wa kike wakajibu hoja nyingine. Mtwara tuna bahari ile ile.

Ningependa kuiona picha hiyo ikining’inia kando ya Bibi Taa. Mwanamke wa kwanza anangoja juu ya mnara. Hawa wako ndani ya maji, wanajua la kufanya.

Saa sita mchana

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia tuliposikia sauti uani. Mjukuu aliingia na ndoo ya samaki wachache, midomo imekauka kwa chumvi. Mashine ya boti iliharibika usiku, simu ikalowa, wakakaa wakielea mpaka mashua nyingine ikawavuta. Jaketi okozi lilikuwa moja, na walikuwa wanne.

Mkewe hakusema neno. Aliingia ndani akalala, kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Ni bibi aliyesema. Alimkalisha mjukuu chini ya picha, akamsimulia habari yote ya Hero na Leander kama alivyoielewa, na kwenye masimulizi yake yule yaya alilaumiwa kuliko wote. Kisha akampa kipande cha mkaa. Nyuma ya mlango wa jikoni, mjukuu akaandika jina la boti, jina la nahodha na namba yake ya simu. Wakapatana kwamba kila akitoka ataandika pia upande wanaokwenda na saa ya kurudi, na saa hiyo ikipita kwa saa mbili, mke asikae mlangoni. Aende kwa viongozi wa wavuvi pwani, awaambie.

Nilirudi wiki iliyofuata kumalizia habari yangu ya kliniki. Mlangoni kulikuwa na maandishi mapya ya mkaa: “Msangamkuu. Saa 12 asubuhi.” Ilikuwa saa tatu, na mwenyewe alikuwa uani anashona nyavu. Kando yake yalianikwa majaketi okozi mawili, ya rangi ya chungwa, yamelowa maji ya bahari.